Tia Alama Ulipokaa

Mwalimu alikuwa amelala chali kati ya meza na kabati la chuma. Kioo kimoja cha miwani kilikuwa kimepasuka. Kalamu ya wino bado ilikuwa imechomekwa kwenye nywele zake za mvi, juu ya sikio, pale alipozoea kuiweka.

Inspekta alisimama mlangoni bila kuingia. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa mwendo, mkali wa ulimi, na chumba chenye maiti alikitazama kwanza kwa mbali, kwa muda mrefu, mpaka Koplo wake akaanza kupiga miayo.

"Afande, tuingie?"

"Kuna basi linakuacha?"

Koplo akafunga mdomo.

Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya duka la fotokopi, ng'ambo ya barabara kutoka Ofisi ya Askari Wastaafu. Meza moja, viti viwili, kabati la droo nne, kalenda ya mwaka uliopita. Kwa miaka minane marehemu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa akiwaandikia wanajeshi wa zamani maelezo binafsi, ile karatasi ambayo Bodi ya Mafao huitaka kwa kila anayedai fidia ya ulemavu. Uliumia wapi, lini, vipi, na tangu hapo maisha yako yamekuwaje. Karatasi yenyewe ni kurasa mbili tatu. Kuizungumza ndiko kulikowatoa watu jasho.

Kona ya kabati ilikuwa na damu na nywele chache. Mkoba wa marehemu ulikuwa kwenye kiti, haujafunguliwa. Simu yake ilikuwa mezani.

"Si mwizi," Koplo alisema.

"Ni mwizi. Ila hakutaka simu." Inspekta alionyesha kwa kidevu. Droo ya chini kabisa ya kabati ilikuwa imechomolewa yote na kuwekwa juu ya meza. Mafaili yake yalikuwa yamepekuliwa na kuachwa shaghalabaghala. Droo tatu za juu hazikuguswa. "Inyanyue hiyo droo."

Koplo alivaa glavu, akainyanyua, akaguna. "Nzito kama jiwe la kusagia."

"Wewe ungetafuta karatasi kwenye droo ya chini, ungefanyaje?"

"Ningechuchumaa, nipekue."

"Hata mimi na unene huu ningechuchumaa. Sasa huyu aliyejipa kazi ya kupakia mzigo mezani alikuwa na shida gani?"

Koplo aliirudisha droo mezani. Inspekta alilikunja hilo swali akaliweka.

Mezani palikuwa na bunda la karatasi za mistari, zile za kuchana. Ukurasa wa juu ulikuwa mweupe. Inspekta aliinama, akauangalia kwa ubavu. Kulikuwa na mabonde membamba, ya kalamu iliyokandamiza ukurasa uliotangulia.

"Hili bunda ni kielelezo. Lifungeni peke yake."

Mwenye duka la fotokopi ndiye aliyeikuta maiti. Alikuwa ameketi juu ya boksi la karatasi.

"Uliingia saa ngapi?"

"Saa tisa. Nampelekea nakala zake."

"Kabla ya hapo nani aliingia kwake?"

"Afande, mimi natazama mashine. Hapa tangu asubuhi ni watu wa magongo, wa mikongojo, ko-ko-ko, kila mmoja anamtaka Mwalimu."

"Mara ya mwisho kumsikia?"

"Saa tano na nusu hivi. Alikuwa anamfokea mtu."

"Anamfokea nini?"

"'Hilo si jibu.' Lakini alikuwa anamwambia kila mtu hivyo. Amewaliza wanaume wazima humu ndani, wanatoka wanajifuta macho kwa mikono ya shati."

"Ulimpenda?"

Alifikiri. "Nilimheshimu. Kumpenda kulihitaji kazi." Kisha akashusha sauti. "Ila afande, juzi Baruti alisimama hapa nje akasema atamvunja shingo. Watu kibao walisikia."

*

Inspekta aliporudi kituoni, Baruti alikuwa tayari mahabusu. Mkuu wa kituo alikuwa amemkamata bila hata kumngoja.

"Kesi imekwisha," Mkuu alisema. "Alitishia, ana hasira, hana pa kuficha uso. Niandikie ripoti, na safari hii uiandike vizuri."

"Kuna shahidi aliyemwona pale leo?"

"Inspekta, usianze."

"Basi sijaanza. Namhoji tu."

Baruti alikuwa jitu la mtu, mabega kama mlango, masikio yakitoa usaha tangu bomu lilipolipuka karibu naye vitani. Ilibidi azungumziwe kwa sauti ya juu, na yeye alijibu kwa sauti ya juu zaidi.

"Ulisema utamvunja shingo!"

"Nilisema!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliandika mambo yangu!"

"Si ndiyo kazi uliyompa?"

"Nilimwambia aandike masikio! Yeye akaniuliza nalala vipi. Nikamjibu. Akaandika kwamba nakojoa kitandani! Mimi! Nimebeba maiti za watu mgongoni siku mbili, halafu karani kijana asome kwamba nakojoa kitandani!" Alipiga meza, pingu zikalia. "Nikamwambia afute. Akasema, 'Ukifuta hilo, umefuta ugonjwa.' Yule bibi alikuwa na roho ya chuma."

"Leo saa tano mpaka saa saba ulikuwa wapi?"

"Ng'ambo! Kwenye foleni! Muulize karani, nilimtukana mpaka mlinzi akanitoa nje. Saa saba kasoro."

"Sasa ulikuwa umeenda kufanya nini huko?"

Baruti alitazama chini, na sauti ikashuka kwa mara ya kwanza. "Kuyapeleka. Yale maelezo. Sikufuta."

Inspekta alisogeza kiti karibu. "Akikuhoji, alikuwa anafanyaje? Nieleze hatua kwa hatua."

"Anakuchorea. Kama ulikuwa kwenye handaki, anachora handaki. Kama gari, gari. Halafu anakusukumia kalamu: 'Tia alama ulipokaa.' Ukidanganya, anaona. Atakuuliza, kama ulikaa hapa, kigae cha bomu kilikupata vipi pale? Hakuachi mpaka ukae mahali pako."

*

Asubuhi ya pili Inspekta alimkuta daktari wa uchunguzi wa maiti ananawa mikono.

"Fuvu limepasuka nyuma. Aligonga kona ya kabati. Lakini njoo uone hapa." Alifunua shuka mpaka kifuani. Katikati ya kifua palikuwa na duara jeusi la mvilio wa damu, si kubwa kuliko kizibo cha chupa. "Alisukumwa kwa kitu cha mviringo. Ncha ya mpira, nadhani. Ina miduara midogo ndani yake."

"Mkongojo."

"Mkongojo ungefaa."

"Alikufa saa ngapi?"

Daktari alikausha mikono polepole. "Hilo ndilo linaloniudhi. Hakufa pale pale. Ubongo ulivimba taratibu. Saa nzima, huenda zaidi. Angepelekwa hospitali angekuwa hai sasa, anakufokea wewe."

"Kwa hiyo wakati mtu anapekua droo..."

"Alikuwa anapumua. Na mtu mwenye masikio angesikia. Pumzi ya namna ile ina sauti."

Inspekta alitoka nje akasimama kwenye jua. Alikuwa ameona maiti nyingi, na za watu waliouawa vibaya kuliko huyu. Lakini saa nzima! Alijikuta anauma meno.

Na hapo ndipo ile droo ilipomrudia. Mtu wa mkongojo. Mtu asiyeweza kuchuchumaa.

Kituoni Koplo alikuwa amelitoa lile bunda la karatasi na kushika penseli.

"Ukiigusa hiyo karatasi kwa penseli," Inspekta alisema, "wiki ijayo unaongoza magari barabarani."

Walizima taa, wakafunga pazia, wakalaza tochi mezani ili mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu. Mpiga picha wa polisi alipiga picha tisa. Mabonde yakawa mistari, mistari ikawa mchoro: lori, limechorwa kutoka juu, kwa mkono wa mtu aliyezoea kuchora ubaoni. Ndani yake palikuwa na alama mbili za msalaba. Ya kwanza nyuma, penye mizigo, hafifu, imekatwa. Ya pili mbele, nyuma ya usukani, imekandamizwa mpaka karatasi karibu itoboke.

"Kuna mtu alibadilisha kiti," Koplo alisema.

"Alibadilishiwa. Twende kwa karani."

*

Karani wa Ofisi ya Askari Wastaafu alikuwa na bandeji ndogo kidoleni na kinyongo kikubwa moyoni.

"Baruti? Alikuwa hapa, ndiyo. Aliniita majina ambayo sikujua kama yapo. Saa saba kasoro tukamtoa. Lakini mkimfunga sitalia."

"Nataka madai ya watu walioumia kwenye ajali ya lori."

"Hati ya mahakama unayo?"

Inspekta aliitandaza mbele yake. Karani akaisoma mara mbili, akaingia stoo, akarudi na mafaili matatu. Mmoja wa wadai alikuwa ameshakufa. Mwingine alikuwa amelazwa hospitali ya mbali tangu mwezi uliopita. Wa tatu alikuwa fundi redio wa mtaa wa pili, askari wa mawasiliano wa zamani. Nyonga imeharibika. Dai limekataliwa mara mbili.

"Kwa nini mmemkataa?"

"Si mimi. Daktari wa Bodi. Soma mwenyewe."

Inspekta alisoma. Mdai anaeleza kuwa alikuwa amekaa nyuma ya lori, juu ya magunia, lilipopinduka. Majeraha hayalingani na maelezo. Goti limepondwa kwa mbele, nyonga imesukumwa kurudi nyuma, mbavu zimevunjika katikati ya kifua. Haya ni majeraha ya mtu aliyekaa mbele. Aandike upya.

"Mkamwambia aandike upya."

"Mara mbili. Akaandika vile vile mara mbili, neno kwa neno. Sijui kwa nini. Angesema tu alikaa mbele, angekuwa amelipwa zamani."

"Kwenye ajali hiyo alikufa mtu?"

Karani alipekua. "Dereva. Taarifa ya jeshi inasema alikuwa amelewa, chupa ilikutwa. Mjane wake aliomba mafao akanyimwa, kwa sababu kifo kilitokana na kosa la marehemu mwenyewe." Alichomoa faili jembamba lililofifia, akapuliza vumbi. "Hili hapa. Miaka kumi na tisa."

Inspekta aliyaweka mafaili mawili pamoja. Katika moja alitafuta jina la mjane. Katika lingine alitafuta jina la mke wa mdai. Akayasoma moja baada ya jingine, halafu akayasoma tena. Saini zilikuwa mbili, za miaka tofauti, lakini ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho ulikuwa ule ule.

"Mungu wangu," Koplo alisema nyuma ya bega lake. "Ni mwanamke mmoja."

*

Mwanamke huyo alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine zilinguruma, mvuke ulijaa, na yeye aliendelea kukunja mashuka huku akiulizwa, kana kwamba polisi ni nzi.

"Mume wako wa kwanza alikuwa dereva wa jeshi."

"Alikuwa mlevi wa jeshi. Udereva ulikuwa wa kuzugia."

"Nyumbani alikuwa anakunywa?"

Mikono ilisita kidogo. "Nyumbani sikumwona akinywa. Lakini jeshi liliandika. Mimi ni nani nibishane na karatasi? Aliniacha na mimba ya miezi sita, akaniachia na aibu. Umekuja kunikumbusha hayo? Una kazi nzuri wewe mama."

"Na huyu wa sasa?"

"Huyu alikuja kunipa pole. Alikuwa nyuma kwenye magunia, Mungu akamwokoa. Alikuja na mkongojo wake, akanichotea maji, akamlea binti yangu kama damu yake. Kwa hiyo umsemee vizuri."

"Jana alikwenda wapi?"

"Kwa yule mwalimu wenu. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Hakutaka kabisa! Wiki nzima namsukuma, wiki nzima ananikwepa. Halali kwa maumivu, akigeuka kitandani analia kama mtoto, na Bodi wanataka karatasi tu. Nikamwambia, nenda kwa Mwalimu au usile chakula cha mkono wangu."

"Alirudi na karatasi?"

"Alisema kazi haijaisha." Akatupa shuka kwenye rundo. "Na sasa mmemuua Mwalimu mwenyewe huko, itaisha lini? Muuaji mnaye, si mmemkamata yule Baruti? Mnanifuata mimi wa nini?"

Inspekta alimshukuru, akamwashiria Koplo watoke.

*

Fundi alikuwa juu ya kiti kirefu alichojitengenezea mwenyewe, kirefu kuliko meza, mguu mmoja umenyooka kama ubao. Mbele yake redio ilikuwa wazi, nyaya nje. Alikuwa mwembamba, nadhifu, sauti ya chini.

"Karibuni. Redio?"

"Polisi. Jana ulikwenda kwa Mwalimu?"

"Hapana."

"Mke wako anasema ulikwenda."

Bisibisi ilisimama. "Nilitaka kwenda. Nyonga ikanikatalia, nikarudi njiani."

"Uliishia wapi?"

"Kona ya pale."

"Kona gani? Mbele ya duka gani? Nani alikuona?"

"Sikumbuki."

"Nipe mkongojo wako."

"Bila huo siwezi kutembea."

"Koplo atakushika mkono."

Mpira wa ncha ya mkongojo ulikuwa umelika upande mmoja, una miduara midogo ndani yake. Kwenye miduara hiyo palikuwa na nyuzi chache za sufu ya kijivu. Mwalimu alikuwa amekufa na sweta ya kijivu mwilini. Inspekta aliufunga mkongojo kwenye mfuko wa vielelezo mbele ya macho ya Fundi, polepole, ili auone vizuri.

*

Kituoni walimpa kiti cha kawaida. Hakuweza kukikalia. Inspekta aliagiza kile kirefu cha mapokezi, si kwa huruma. Alitaka kumwona usoni.

Alimsomea onyo. Fundi alilisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na kabla hajaulizwa swali akasema:

"Nimemuua. Andika. Nilitaka simu yake."

"Simu ilikuwa mezani."

"Niliogopa, nikaiacha."

"Na mkoba?"

"Nao pia."

"Ukaacha simu, ukaacha mkoba, ukachukua karatasi. Wewe ni mwizi wa namna gani, Fundi?"

"Basi ni hasira. Alinitukana. Nimekiri, mnataka nini tena? Nipelekeni mahakamani, ninyongwe, yaishe."

"Una haraka sana ya kunyongwa."

Inspekta alivuta karatasi. Hakuwa mchoraji. Alichora boksi refu, akakata sehemu ya mbele, akachora duara la usukani. Akausukuma mchoro ule mbele ya Fundi, na kalamu juu yake.

"Tia alama ulipokaa."

Uso wa Fundi ulibadilika rangi. "Usinifanyie hivyo."

"Tia alama."

"Yule naye alianza hivyo hivyo."

"Najua. Ulitia ya kwanza nyuma. Ikakatwa. Ya pili uliitia wapi? Karatasi ya chini ilinakili, Fundi. Ninayo picha yake. Nataka kusikia kwa mdomo wako."

Nje, kwenye uwanja wa kituo, wastaafu walikuwa wamekusanyika wakipiga kelele Baruti aachiwe. Fundi alizisikiliza kelele hizo. Halafu akaanza kusema, kwa sauti ile ile ya chini.

"Alikuwa ameendesha siku mbili bila kulala. Rafiki yangu. Akaniambia, shika kidogo, nifumbe macho. Sikuwa na ruhusa ya kuendesha. Na nilikuwa nimekunywa. Chupa ilikuwa yangu. Hakujua. Lori lilipinduka kwenye daraja dogo, likamlalia upande wake. Waliponikuta nilikuwa nimejikokota mpaka nyuma, kwenye magunia. Wakaniuliza nani alikuwa anaendesha. Nikasema dereva ndiye dereva."

"Halafu ukamwoa mkewe."

"Nilikwenda kumwambia!" Kwa mara ya kwanza sauti ilipanda. "Siku ile ya kwanza nilikwenda kumwambia. Nikamkuta na tumbo kubwa, anabeba ndoo. Nikasema nimsaidie kwanza ndoo. Kesho nitamwambia. Miaka kumi na tisa, afande, kila siku ni kesho."

"Endelea. Jana."

"Mwalimu alizisoma karatasi zangu mbili zilizokataliwa. Akasoma na ya daktari. Akasema, 'Goti liligonga nini? Gunia?' Saa nzima aliniuliza hilo. Nyonga inaniwaka moto, yeye anauliza tu. Mwisho nikachoka. Nikatia alama. Akaandika yote, akanisomea. Nikasema siwezi kusaini, chana. Akasema, 'Aliyekufa alikuwa na mke?' Nikasema ndiyo. 'Yuko wapi?' Nikamwambia yuko nyumbani kwangu."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta akamgonga kwa kiwiko, na Fundi akaendelea.

"Akanitazama kama kitu kilichotoka kwenye mtaro. Akasema, 'Basi atakuja aisome mwenyewe.' Akachukua karatasi, akaitupa kwenye droo ya chini kabisa. Akaifunga kwa mguu. Akaniambia, 'Unaitaka? Inama uichukue.' Alijua siwezi kuinama, afande. Alijua."

"Ukamsukuma."

"Nilimsukuma kwa mkongojo. Mara moja. Akaanguka."

"Na baadaye?"

"Nikachomoa droo kwa ndoano ya mkongojo, nikainyanyua mezani. Karatasi ilikuwa imeingia katikati ya mafaili, sikuiona haraka."

"Alikuwa anapumua."

Fundi aligeuza uso ukutani.

"Fundi. Alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anakoroma."

"Fotokopi iko hatua kumi kutoka pale. Ungeita."

"Ningeita," Fundi alisema, "na angepona, na angesema."

Inspekta aliinuka, akaenda dirishani, akabaki na mgongo kwao. Alipogeuka uso wake haukuwa na kitu.

"Karatasi iko wapi?"

"Niliichoma. Afande, nakuomba kitu kimoja. Andika nilitaka simu. Nifungeni maisha yangu yote kwa simu. Mke wangu asijue. Na binti."

"Mke wako yuko kwenye benchi hapo nje. Amekuletea nguo."

"Usimwambie."

"Sitamwambia mimi," Inspekta alisema, akafungua mlango.

Mwanamke yule aliingia na mfuko wa nguo kifuani, mdomo ukiwa tayari umejaa maneno ya kumtolea Inspekta. Akamwona mumewe, pingu, uso. Maneno yakamkauka.

"Wamekufanya nini?"

"Kaa chini," Fundi alisema.

Alimwambia. Hakupunguza chochote. Huenda alikuwa amechoka, au huenda Mwalimu alishamzoesha. Mwanamke alisikiliza amesimama, bila kuweka mfuko chini.

"Alisema nini?" mwanamke aliuliza mwisho. "Baba wa binti yangu, kabla ya kufa. Alisema nini?"

"Alikuwa amelala."

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, polepole.

"Nimemwambia mtoto wangu kwamba babake alikuwa mlevi," alisema. "Alipokuwa mdogo aliniuliza, nikamwambia. Picha yake aliichana mwenyewe. Nilikuwapo. Na wewe ulikuwapo. Uliokota vipande ukavitia kwenye taka."

"Niliogopa kukupoteza."

"Sikukuuliza uliogopa nini." Alimgeukia Inspekta. "Hiyo karatasi ya Mwalimu iko wapi?"

"Kaichoma."

"Basi aandike nyingine. Jeshi liliamini karatasi, Bodi inaamini karatasi. Nami naitaka. Ya mkono wake. Mpe kalamu."

Inspekta alimpa. Angeweza kumwondoa yule mwanamke, na sheria ingemuunga mkono. Hakumwondoa.

Fundi aliandika. Mkewe alizunguka meza akasimama nyuma ya bega lake, akasoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kwenye mstari wa nne aliweka kidole juu ya karatasi.

"Umeandika 'lori lilipinduka'," alisema. "Andika nani alilipindua."

Akafuta. Akaandika.